Namna ya Kumtambua Buibui kwa Rangi na Alama za Mwili Wake

Mtu anapomwona buibui asiyemjua, neno la kwanza linalomtoka mdomoni huwa ni rangi: mweusi, wa kahawia, wa manjano. Ni jambo la kawaida, kwa kuwa rangi ndiyo inayowahi jicho. Lakini katika kazi ya kutambua buibui, rangi ni shahidi anayebadilisha maneno yake mara kwa mara, na anayeisikiliza kabla ya mashahidi wengine hupotea njia mapema. Alama, yaani mistari, madoa, pete na maumbo yaliyochorwa mwilini, husema kweli zaidi, ilimradi mtazamaji ajue zimekaa sehemu gani ya mwili. Doa jekundu lililo mgongoni na doa jekundu lililo chini ya tumbo ni mambo mawili tofauti kabisa, ingawa anayesimulia baadaye husema tu kwamba alimwona buibui mweusi mwenye doa jekundu. Mwongozo huu unafuata utaratibu mmoja: kwanza mahali pa alama, kisha umbo lake, na rangi mwisho.

Inafaa pia kujua tangu mwanzo unaweza kufika wapi. Mwaka 2022 orodha ya kisayansi ya buibui wa dunia nzima ilivuka spishi 50,000, na wengi kati yao hutenganishwa kwa kutazama viungo vya uzazi chini ya hadubini. Kwa hiyo atakayefuata utaratibu huu atafika mara nyingi kwenye familia au jenasi (kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu), na mara chache, pale alama inapokuwa ya pekee, atafika kwenye spishi yenyewe. Kufika kwenye familia kwa uhakika ni kazi nzuri. Kutaja spishi kwa kubahatisha huharibu kumbukumbu, na mara nyingi mno humfanya buibui asiye na madhara auawe kwa jina la mwingine.

Kumtazama bila kumgusa

Usimshike buibui kwa vidole ili umchunguze. Karibu buibui wote wana sumu ya kuulia mawindo yao, na ingawa ni wachache sana wanaoweza kumdhuru mtu, huyo usiyemjua huwezi kumweka upande wowote mpaka umtambue. Akiwa kwenye utando wake, mwache hapo hapo, kwa sababu utando wenyewe ni sehemu ya ushahidi. Akiwa anatembea sakafuni au ukutani, mfunike polepole kwa gilasi angavu au chupa ya kioo yenye mdomo mpana, kisha pitisha karatasi ngumu chini yake ukiangalia usimbane mguu. Chombo kisichozuia macho kina faida kubwa: akishapanda kwenye kuta zake, unauona upande wa chini wa tumbo lake bila kumgeuza. Akihangaika sana, dakika chache kwenye friji humtuliza, nawe utapata muda wa kuhesabu macho na kutazama pete za miguu.

Mwanga wa mchana kivulini ndio unaofaa kuliko wote. Taa yenye mwanga wa manjano hugeuza kijivu kuwa kahawia, na mwako wa kamera hufanya vinywele vyeupe ving'ae hadi alama nyembamba zipotee. Piga picha tatu: ya kwanza kutoka juu moja kwa moja, ya pili ya uso, ya tatu ya upande wa chini wa tumbo. Weka rula pembeni. Urefu unaotakiwa ni wa mwili peke yake, kuanzia mbele ya kichwa hadi ncha ya tumbo, bila miguu, kwa kuwa ndio unaotajwa katika maelezo ya kitaalamu. Aliyeogopa hukadiria kwa miguu iliyotandazwa, na kwa kukadiria hivyo buibui wa milimita kumi huwa mkubwa kama kiganja.

Mwili wa buibui na mahali alama zinapokaa

Buibui ana sehemu mbili za mwili zilizounganishwa kwa kiuno chembamba sana. Sehemu ya mbele imeunganisha kichwa na kifua, imefunikwa na gamba gumu, na ndiyo inayobeba macho, taya zenye chonge za sumu, vipapasio viwili na miguu minane. Sehemu ya nyuma ni tumbo, ambalo kwa kawaida ni laini na hutanuka, na mwishoni mwake kuna vijiti vidogo vya kutolea uzi. Kama kiumbe ulichokikamata kina miguu minane mirefu lakini mwili wake ni donge moja lisilo na kiuno, huyo si buibui, na utafutaji wa alama uishie hapo. Vipapasio navyo huwapotosha wengi, kwa sababu hufanana na jozi ya tano ya miguu. Vikiwa vimevimba nchani kama ngumi, umempata dume aliyekomaa.

Kwenye gamba la mbele tafuta mistari ya urefu. Buibui-mbwamwitu wa familia ya Lycosidae mara nyingi wana mkanda mpauko unaopita katikati, ukiwa umezungukwa na mikanda miwili ya giza, na huonekana hata kwa kioo cha kukuzia cha kawaida. Baadhi ya buibui wakubwa wenye manyoya wana miale inayotoka kwenye kishimo cha katikati na kutawanyika kama ya jua. Pterinochilus murinus wa Afrika Mashariki na Kusini ni mfano mzuri, maana wapo wa chungwa kali, wa kijivu na wa kahawia iliyoiva, lakini miale hiyo ni ile ile. Usiache kutazama uso. Heteropoda venatoria, buibui bapa mwenye miguu mirefu anayeonekana kwenye kuta za majumba katika nchi nyingi za joto, ana mkanda wa rangi ya maziwa unaopita chini ya macho yake kama masharubu, na mkanda huo humtenga mara moja na buibui wengine wakubwa wa kahawia ambao watu humchanganya nao.

Juu ya tumbo ndipo penye mchoro mwingi, na kuna maumbo matatu ambayo ukiyazoea utasoma nusu ya buibui unaokutana nao. La kwanza ni alama ya moyo: umbo refu kama kichwa cha mkuki, lililoko mwanzoni mwa tumbo, katikati kabisa. Inaitwa hivyo kwa sababu iko juu ya moyo wenyewe, ambao kwa buibui hulala mgongoni chini ya ngozi. La pili ni jani: eneo pana lenye kingo za mawimbi, lililo na giza kuliko pembeni mwake, ambalo limewaenea sana wafumaji wa tando za mviringo. La tatu ni mfululizo wa alama za V zilizopangwa moja nyuma ya nyingine kuelekea ncha ya tumbo, ambazo ni za kawaida kwa buibui wa tando za faneli na kwa buibui-mbwamwitu wengi. Pamoja na hayo utaona vishimo vidogo vilivyopangwa viwili viwili. Hivyo si rangi. Ni mahali misuli iliposhika ngozi kwa ndani, na mtu akivichora kama madoa atakuwa ameongeza alama isiyokuwepo.

Chini ya tumbo hupuuzwa kwa sababu ni vigumu kupaona, ilhali hapo ndipo penye alama za buibui wanaohofiwa kuliko wote, kama nitakavyoeleza. Miguu nayo isomwe kwa uangalifu, pete kwa pete. Andika kama rangi yake ni moja tangu mwanzo hadi mwisho, kama ina pete kwenye kila kiungo, au kama ina madoa yaliyotawanyika. Kukosekana kwa pete ni habari yenye uzito sawa na kuwepo kwake, na mara nyingi ndiko kunakomwondoa mtuhumiwa kwenye orodha.

Rangi inavyopotosha

Rangi za buibui hutoka kwenye vyanzo mbalimbali, na kila chanzo kina tabia yake. Manjano, nyekundu na kahawia ni rangi za kemikali zilizo ndani ya ngozi na chini yake. Nyeupe na fedha mara nyingi hutokana na guanini, taka ya mwili ambayo buibui huihifadhi kama fuwele ndogo katika seli zilizo chini ya ngozi ya tumbo badala ya kuitoa yote nje. Msalaba mweupe wa Araneus diadematus, buibui wa bustani wa Ulaya aliyepewa jina na Carl Clerck mwaka 1757, ni mkusanyiko wa madoa ya guanini yanayoonekana kupitia ngozi. Buluu inayometa kama ya Poecilotheria metallica wa India hutokana na muundo mdogo mno wa vinywele unaorudisha mwanga wa buluu peke yake. Mwanga ukiwa hafifu, buibui huyo huonekana mweusi tu.

Mfano unaofundisha kuliko wote ni wa Misumena vatia, buibui-kaa wa Ulaya, Amerika Kaskazini na sehemu za Asia, ambaye hafumi utando bali huvizia wadudu juu ya ua. Tuseme umemkuta jike mweupe pee kwenye ua jeupe: tumbo limejaa kama punje ya mahindi, miguu minne ya mbele imefunguliwa kama mikono ya mtu anayetaka kumkumbatia mwenzake, na ubavuni kuna mstari mmoja mwekundu kila upande. Akihamia kwenye ua la manjano, seli za juu za ngozi huanza kujazwa rangi ya manjano, na baada ya siku kati ya 10 na 25 unamkuta wa manjano kamili. Akirudi kwenye jeupe, rangi hiyo huondolewa kwa takriban siku sita. Mwanzoni niliwahi kuandika katika daftari langu spishi mbili mahali palipokuwa na mmoja tu, mpaka nilipolinganisha michoro na kuona kwamba mistari myekundu ya ubavuni ilikuwa na urefu ule ule na mkato ule ule mdogo upande wa kushoto. Rangi ilikuwa imeondoka. Alama ilikuwa imebaki. Tangu hapo huandika alama kabla ya rangi.

Wapo pia buibui ambao rangi zao hutofautiana tangu kuzaliwa. Enoplognatha ovata, buibui mdogo wa majani, ana sura tatu: mmoja ana tumbo la rangi ya malai lisilo na kitu isipokuwa madoa madogo meusi, mwingine ana mistari miwili myekundu, na wa tatu ana ngao nyekundu inayofunika mgongo wote. Ni spishi moja. Gasteracantha cancriformis wa Amerika, mwenye miiba sita iliyochomoza kwenye tumbo gumu, anaweza kuwa mweupe, wa manjano au wa chungwa, na miiba yake ikawa mieusi au myekundu. Anayetafuta rangi atachanganyikiwa, lakini anayehesabu miiba na kuona safu za madoa meusi mgongoni hatasita.

Umri na jinsia huongeza ugumu. Buibui aliyejivua gamba saa chache zilizopita huwa mpauko na laini, na alama zake hazijakolea. Anayekaribia kujivua huwa na giza kuliko kawaida. Jike mwenye mayai hutanuka tumbo hadi jani lake likavutwa na kupoteza kingo, na akishataga, ngozi ile ile hukunjamana na mchoro ukawa mzito. Madume ya jenasi nyingi hayafanani kabisa na majike yake. Dume la Eresus lina tumbo jekundu lenye madoa meusi manne au zaidi, kama mdudu-kibibi, ilhali jike lake ni jeusi kama mahameli na hutoka shimoni kwa nadra. Dume la Argiope ni kitu kidogo cha kahawia kinachokaa pembeni mwa utando wa jike lenye manjano na fedha inayong'aa, na wengi hulidhania kuwa ni mtoto au mgeni.

Mwisho, usiamini rangi ya buibui aliyehifadhiwa kwenye spiriti. Kijani, nyekundu na manjano hufifia humo, wakati kahawia na nyeusi hudumu. Kwa hiyo rangi iandikwe buibui akiwa hai.

Saa ya mchanga na ndugu zake

Buibui wajane wa jenasi ya Latrodectus ndio sababu ya watu wengi kujifunza kusoma alama, na wanastahili kutazamwa kwa utulivu. Jike la Latrodectus mactans wa Marekani lina mwili wa milimita 8 hadi 13, jeusi la kung'aa kama kitu kilichopakwa mafuta, na tumbo karibu la duara. Alama yake maarufu iko chini ya tumbo: pembetatu mbili nyekundu zinazokutana kwa ncha, kama saa ya mchanga. Kwa kuwa buibui huyu huning'inia kichwachini, tumbo likiwa limegeukia juu, alama hiyo ndiyo inayotazama dunia. Ukimulika kwa tochi usiku, pembeni mwa rundo la mbao au chini ya kifuniko, utaona kwanza nyuzi kavu zilizokwenda ovyo huku na huku, ngumu kuliko uzi wa kawaida hata kwa kuzigusa kwa kijiti, kisha ile saa nyekundu ikiwa imetulia katikati yake.

Lakini anayebeba kichwani picha hiyo moja tu atawakosa jamaa zake. Latrodectus variolus wa mashariki mwa Amerika Kaskazini ana saa iliyokatika katikati, hivi kwamba pembetatu mbili hazigusani, na mara nyingi ana safu ya madoa mekundu mgongoni. Latrodectus hasselti wa Australia ana mstari mwekundu mgongoni, mpana na wa wazi. Latrodectus tredecimguttatus wa nchi zinazopakana na Bahari ya Mediterania amepewa jina linalomaanisha matone kumi na matatu, kwa sababu ya madoa mekundu au ya chungwa yaliyotapakaa mgongoni. Latrodectus indistinctus wa kusini mwa Afrika, akishakomaa, hana saa chini ya tumbo. Kinachobaki ni alama nyekundu juu ya vijiti vya uzi. Aliyefundishwa kutafuta saa ya mchanga peke yake atamgeuza huyu, asione kitu, na kumwita salama.

Mwenye kuenea duniani kuliko wote ni Latrodectus geometricus, na yeye si mweusi kwa kawaida. Ana rangi kati ya mchanga na kahawia iliyoiva, mchoro wa maumbo ya jiometri mgongoni wenye madoa yaliyozungushiwa mpaka mweupe, pete za giza miguuni, na saa ya chungwa chini ya tumbo. Wapo waliokoza rangi hadi mchoro ukazama, na hapo msaada wa uhakika ni mfuko wake wa mayai: ni mpira mdogo uliojaa vichomozo kama miiba ya uzi, wakati mifuko ya wajane wengine ni laini. Watoto wa wajane nao hawana sura ya mama yao. Huanza na weupe na mistari, kisha hukolea kila wanapojivua gamba.

Wanaochanganywa nao ni buibui wa jenasi ya Steatoda, wenye umbo lile lile la tumbo la duara na miguu inayong'aa. Tofauti ni mkanda mpauko unaozunguka mwanzo wa tumbo kama ukosi, na kutokuwepo kwa nyekundu chini yake. Steatoda nobilis, aliyetoka Madeira na Visiwa vya Kanari na kuingia Uingereza katika karne ya 19, ana pia mchoro wa rangi ya malai mgongoni ambao watu huufananisha na fuvu. Mchoro huo hufifia kwa majike makubwa, na hapo ukosi ndio wa kutegemewa.

Mtu aliyeumwa asisubiri utambuzi. Aende kituo cha afya mara moja, na kama buibui amekamatwa bila hatari, apelekwe pamoja naye ndani ya chombo kilichofungwa, au picha yake.

Fidla mgongoni

Hakuna alama iliyosababisha makosa mengi kama fidla ya Loxosceles reclusa. Buibui huyu wa katikati na kusini mwa Marekani, anayehofiwa kwa sumu yake, ana umbo la giza kwenye gamba la sehemu ya mbele, pana upande wa macho na lenye shingo nyembamba inayoelekea tumboni. Neno la kushika hapa ni mahali: fidla iko kwenye sehemu ya mbele, haiko tumboni kamwe. Watu huona umbo lolote la giza kwenye tumbo la buibui yeyote wa kahawia na kulipa shingo na nyuzi. Hata buibui wa pembe za dari wa familia ya Pholcidae, wembamba na wenye miguu mirefu kama uzi, wameuawa kwa ajili ya kivuli kidogo kilichoko kwenye gamba lao. Rick Vetter wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, aliwaomba watu nchini Marekani wamletee viumbe waliowadhania kuwa ni Loxosceles. Alipokea 1,773 kutoka majimbo 49, na walio wa kweli hawakufika hata robo.

Kwa hiyo fidla peke yake isikutoshe. Hesabu macho: Loxosceles ana sita, yamepangwa jozi tatu zilizoachana, moja mbele na moja kila upande, wakati buibui wengi wana manane. Kisha tazama tumbo. Lake ni la rangi moja, lenye vinywele vifupi, bila V, bila jani, bila doa. Kisha miguu, yake haina pete wala miiba minene. Buibui mwenye pete miguuni au mchoro tumboni amekwisha kujitoa kwenye orodha hiyo, hata kama mgongoni pake pana kitu kinachofanana na ala ya muziki. Ziko spishi za jenasi hii, hasa za majangwani, ambazo fidla yake imefifia hadi haionekani, na kwa hizo macho sita ndiyo yanayobaki kuwa ushahidi. Wapo buibui wengine wenye macho sita, kama Dysdera crocata mwenye gamba jekundu na tumbo la rangi ya malai, na Scytodes thoracica mwenye madoa meusi mwili mzima na gamba lililobinuka kama kuba, lakini rangi na alama zao ziko mbali mno na ukahawia mtupu wa Loxosceles.

Hata palipo na Loxosceles wa kweli, hofu huzidi hali halisi. Katika nyumba moja ya jimbo la Kansas familia ilikusanya 2,055 ndani ya miezi sita ya mwaka 2001, na hakuna aliyekuwa ameumwa.

Wengine wanaotambulika kwa urahisi

Argiope ndiye wa kuanzia kwa anayejifunza. Jike hukaa katikati ya utando mkubwa wa mviringo, kichwa kikitazama chini, miguu ikiwa imeunganishwa miwili miwili hadi inaonekana minne, na mara nyingi chini yake kuna mshono mweupe wa uzi uliokwenda mshazari huku na huku. Argiope bruennichi ana mikanda ya manjano, nyeupe na nyeusi inayokata tumbo kwa upana, kama nyigu. Argiope aurantia wa Amerika ana tumbo jeusi lenye mabaka ya manjano pembeni.

Buibui warukaji wa familia ya Salticidae hujitambulisha kwa macho mawili makubwa ya mbele, yanayokutazama unapowatazama. Salticus scenicus ana milia myeupe na myeusi ya punda milia. Phidippus audax, mweusi mwenye manyoya, ana doa kubwa la pembe tatu na madoa mawili madogo nyuma yake, yote meupe kwa aliyekomaa na ya chungwa kwa mtoto, na taya zake humeta kijani. Kandokando ya Ziwa Viktoria yuko Evarcha culicivora mwenye uso mwekundu, ambaye hupendelea mbu waliokwisha kunywa damu. Kwake yeye uso ndio wa kutazamwa kwanza.

Usiku, tochi iliyoshikwa karibu na jicho lako itarudishiwa nukta za kijani zinazong'aa kutoka kwenye nyasi. Mara nyingi hao ni buibui-mbwamwitu. Jike akiwa na mfuko wa mayai ulioning'inia kwenye vijiti vya uzi, au akiwa amebebesha watoto mgongoni hadi alama zote zimefichika, huna haja ya kuona mchoro wake: tabia hiyo inatosha kumweka kwenye Lycosidae. Akiubeba mfuko kwa taya chini ya kifua, mpeleke kwa jirani zao, Pisauridae.

Na ukimwona sisimizi anayetembea kwa kusitasita, hesabu miguu. Myrmarachne amechorwa mkato kwenye gamba ili aonekane ana sehemu tatu za mwili, naye huinua miguu ya mbele kana kwamba ni papasi za kichwani mwa sisimizi, lakini miguu minane haifichiki.

Kuandika ulichokiona

Andika papo hapo, kabla ya kufungua kitabu au kuuliza mtu, kwa sababu ukishasikia jina jicho huanza kuona kinacholingana nalo. Anza na mahali na tarehe, aina ya utando au kutokuwepo kwake, urefu wa mwili, na jinsia kama vipapasio vinaonyesha. Kisha chora duara mbili, ndogo ya mbele na kubwa ya nyuma, mara moja kwa upande wa juu na mara moja kwa upande wa chini, na uweke kila alama mahali pake kwa penseli bila kujali rangi. Miguu iandikwe kwa maneno. Rangi ziandikwe pembeni mwisho, pamoja na aina ya mwanga uliotumia. Unapompelekea mtaalamu, peleka mchoro huo pamoja na picha tatu, na taja alama ulizozitafuta ukazikosa, kwa kuwa hilo litampunguzia kazi kuliko picha ya nne.

Ukimaliza, mrudishe buibui pale pale ulipomchukua. Kama ulimkuta pamoja na mfuko wa mayai, hakikisha mfuko huo haujabaki kwenye gilasi.